Kusi likivuma, panda boti ya asubuhi

Kama unavuka kutoka Dar kwenda Unguja kati ya Juni na Agosti na tumbo lako halipatani na mawimbi, kata tiketi ya boti ya kwanza. Usiku nchi kavu hupoa kuliko bahari, na alfajiri upepo wa umande hutoka bara kwenda baharini, ukilipunguza nguvu kusi, yaani upepo wa msimu utokao kusini, karibu na pwani. Kuanzia adhuhuri mambo hugeuka: jua limeipasha ardhi moto, upepo wa bahari unavutwa kuja bara na kuungana na kusi. Hapo ndipo mawimbi hukua na watu wakaanza kuomba mifuko. Kaa nyuma, sitaha ya chini, katikati ya upana wa boti. Mbele ndiko boti inakorushwa zaidi.

Mbinu hii haisaidii kusi likikaza usiku kucha. Asubuhi utaikuta bahari imeshachafuka. Wala usiitegemee kwa Pemba, kwani kule mkondo una kina kirefu na umande haufiki mbali. Na TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) wakitoa tahadhari ya upepo mkali, ahirisha safari, hata kama bandarini kumetulia.