Ya kuandaa kabla ya kumfundisha msemaji wa Kichina neno la Kiingereza "anxious"

Anza na Kichina chenyewe, kwa sababu mwanafunzi ana maneno kadhaa ya wasiwasi na atataka kujua hili linaangukia wapi. Katika Kimandarini, yaani Kichina sanifu, danxin ni kuhofia mtu au jambo. Jinzhang ni ule mkazo wa mwili kabla ya kupanda jukwaani, na jiaolü ni wasiwasi mzito usiobanduka. Ukimpa jiaolü peke yake, ataona aibu kulitumia anxious kwa jambo dogo kama basi lililochelewa.

Muda mwingi uuweke kwenye sarufi. Mchina husema wo hen jinzhang bila kitenzi cha "kuwa", ndiyo maana utasikia I very anxious. Danxin nayo ni kitenzi kinachoshika yambwa moja kwa moja: wo danxin kaoshi, nauhofia mtihani. Hakuna kihusishi hapo, basi about hudondoka njiani. Kwa hiyo usiliandike neno likiwa pweke ubaoni. Andika I am anxious about the exam, kisha mbadilishie mwisho tu: mahojiano ya kazi, afya ya mama, viza. Sentensi hiyo ikizoeleka mdomoni, sehemu kubwa ya kazi imekwisha.

Matamshi si magumu kama yanavyoogopwa. Sauti ng anayo tayari, kwani silabi za Kimandarini huweza kuishia nayo. Haziishii kwa s, kwa hiyo sikiliza mwisho wa neno. Mkazo uko mwanzoni: ANGK-shas. Nomino anxiety iahirishe, maana humo x hutamkwa kama z na mkazo huhamia silabi ya pili.

Iahirishe pia anxious to. She is anxious to meet you humaanisha ana hamu kubwa ya kukuona, na anayelijua neno kwa upande wa hofu tu ataelewa kinyume kabisa.

Mwisho, mifano. Gaokao, mtihani wa kuingia chuo kikuu ambao kwa kawaida huanza tarehe 7 Juni, unaeleweka kwa kila Mchina. Hata hivyo, usimlazimishe mtu kueleza hofu zake mbele ya darasa. Mpe mzazi wa kubuni anayesubiri nje ya lango la shule, aseme huyo ana wasiwasi gani. Ya kwake atayasema akipenda.