Neno la Kiingereza ni la aina gani? Tazama limekaa wapi

Wengi ninaowafundisha Kiingereza huja na daftari lenye safu nane: nomino, kiwakilishi, kitenzi, kivumishi, kielezi, kihusishi, kiunganishi, kihisishi. Wameyagawa maneno humo kama anayepanga vyombo kabatini. "Book" limo kwenye nomino, basi limemalizika. Siku wanapokutana na "I want to book a room", daftari linawaangusha.

Siwalaumu. Kiswahili kimetuzoesha neno kuja limevaa sare. Ukisikia "anasoma", huhitaji sentensi nzima ili ujue ni kitenzi. "A-na-" imekwisha kukwambia. Kiingereza kina sare chache, na baadhi yake hudanganya. Kwa hiyo weka daftari kando, chukua sentensi.

Hatua ya 1: Kamata kitenzi

Ipeleke sentensi jana. Neno litakalogeuka ndilo kitenzi. "They book a room" inakuwa "They booked a room", kumbe hapo "book" ni kitenzi. "They like the book" inakuwa "They liked the book". Safari hii "book" halikutikisika. Katika maswali na ukanushi, kinachogeuka ni kitenzi kisaidizi: "Do they book rooms?" inakuwa "Did they book rooms?". Usishtuke, kisaidizi ndicho kinachobeba wakati, na kitenzi kikuu hutulia.

Sikio nalo husaidia. "Record" likiwa nomino, mkazo huwa mwanzoni. Likiwa kitenzi, mkazo huhamia mwishoni. "Permit" na "object" hufanya hivyo hivyo.

Hatua ya 2: Tafuta nomino kwa kuangalia kushoto kwake

Nomino ya umoja inayohesabika kwa kawaida haitembei peke yake. Mbele yake hutangulia "a", "an", "the", "this", "my" na wenzao. Hivi ni vibainishi. Orodha ya zamani ya aina nane iliviweka pamoja na vivumishi, lakini sarufi nyingi za sasa zinavitenga. Ukiona "the", jua nomino inakuja, hata kama imechelewa: "the very old wooden door".

Maneno ya "-ing" huwatisha watu bure. "Kuogelea kunachosha": hapo "kuogelea" ni kitenzi kilichogeuzwa nomino. "Swimming is tiring" ni jambo lile lile. Ila katika "She is swimming", neno hilo hilo limerudi kwenye kazi ya kitenzi.

Hatua ya 3: Tenga kivumishi na kielezi

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Uliza: neno hili linamweleza nani? Likieleza nomino ni kivumishi. Likieleza kitenzi, kivumishi au kielezi kingine, ni kielezi. Kivumishi cha Kiingereza hutangulia nomino na hakina upatanisho: kitabu kizuri, vitabu vizuri, lakini "good book", "good books". Ukiandika "goods", umeandika nomino nyingine kabisa, bidhaa.

Kuna kanuni moja iliyozoeleka ambayo naipinga kila siku: kwamba "-ly" ni alama ya kielezi. Mara nyingi ndivyo, lakini "friendly", "lonely" na "lovely" ni vivumishi. Na "fast" haliongezi chochote: "a fast car" ni kivumishi, "he drives fast" ni kielezi. La hatari zaidi ni "hard". "He works hard" ni kumsifu mtu kwa bidii. "He hardly works" ni kusema karibu hafanyi kazi kabisa. Nimewahi kusoma barua ya kuomba ajira iliyochanganya hayo mawili.

Mtego mwingine: baada ya "be", "look", "feel" na "seem", neno linaloeleza kiima ni kivumishi ingawa limefuata kitenzi. "She looks happy", si "happily", kwa sababu furaha ni yake yeye, si ya kule kutazama.

Hatua ya 4: Viwakilishi, kwa haraka

Kiwakilishi hushika nafasi ya nomino, kwa hiyo visikae pamoja. Sisi husema "Kaka yangu amekuja", na ile "a-" ni lazima. Ndiyo maana ulimi huteleza na kusema "My brother he has come". Toa "he". Pia "-angu" yetu hugawanyika: "my" huhitaji nomino baada yake, "mine" husimama peke yake.

Hatua ya 5: Vihusishi

Kwetu kazi ya kihusishi mara nyingi imefichwa ndani ya kitenzi. "Niandikie" ni neno moja. Kiingereza kwa kawaida hutoa "to" nje: "Write to me". Tatizo ni kwamba lugha hizi mbili hazikubaliani kila mahali. "Nisubiri" inadai "for": "Wait for me". "Tulijadili kuhusu bei" inakataa "about": "We discussed the price". Haya hujifunzwa pamoja na kitenzi chake, hakuna njia ya mkato.

Kipimo cha aina ni rahisi: kihusishi hufuatwa na nomino au kiwakilishi. "In the room", kihusishi. "Come in", kielezi.

Hatua ya 6: Viunganishi

Kimoja kinatosha. "Ingawa… lakini" tumeizoea, ila "Although… but" haikubaliki. Tena "because" huleta sentensi nzima, "because of" huleta nomino. Vihisishi kama "oh" na "ouch" havina shida.

Jaribio

Chambua: "She said that that book was hers." "That" ya kwanza ni kiunganishi, ukiiondoa, sentensi bado inasimama. Ya pili ni kibainishi, kwa kuwa "book" iko kulia kwake. "Hers" ni kiwakilishi. Sasa futa "book": "She said that that was hers." "That" ya pili imekuwa kiwakilishi, na hakuna herufi yake hata moja iliyobadilika.