Viza ya kwenda Valletta kwa feri: hesabu siku kabla ya kuweka miadi

Mpango wangu ulikuwa mwepesi: ndege mpaka Catania, siku tatu Sicily, kisha feri kutoka Pozzallo hadi Valletta na siku tano Malta. Italia na Malta zote zimo Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, basi nikaomba kwa Waitalia kwa kuwa ndiko ndege inakotua. Hapo ndipo nilipochomeka.

Kanuni haiulizi unatua wapi. Inauliza utakaa wapi siku nyingi zaidi. Nchi ya kuingilia hutazamwa pale tu siku zinapolingana. Tano zangu za Malta zilizishinda tatu za Italia, ombi likarudishwa. Ada ya viza nilirudishiwa. Ada ya huduma ya kituo kinachopokea maombi ilikwenda na maji, pamoja na nauli ya Mombasa hadi Nairobi, ambayo ilibidi niilipe mara ya pili. Karani alinieleza haya kwa upole wa mtu aliyekwisha kuyasema mara hamsini tangu asubuhi. Kwa hiyo andika ratiba siku kwa siku, jumlisha, ndipo utafute miadi ya nchi iliyoshinda.

Fomu, picha, barua ya mwajiri na taarifa ya benki unazijua. Bima ndiyo huangusha watu: iwe ya angalau yuro 30,000 na itaje Schengen nzima. Yangu ya kwanza ilitaja Italia peke yake. Pasipoti ibaki hai miezi 3 baada ya kutoka huko, na iwe na kurasa mbili tupu. Ada ni yuro 90. Maombi hufunguliwa miezi 6 kabla ya safari na mwisho ni siku 15, lakini usicheze na hizo 15, maana wana ruhusa ya kukaa na faili lako hadi siku 45.

Tiketi ya feri chukua ile inayorudishwa pesa. Safari yenyewe haifiki saa mbili, ila bahari ikichafuka hakuna safari, kwa hiyo usipange ndege ya kurudi siku hiyo hiyo. Pasipoti kaa nayo mkononi. Mimi niliizika chini ya sanduku, nikalifungua mbele ya foleni nzima, kanga na ndala zikiwa hadharani.

Ukishuka, usiupande mlima kwa miguu. Iko lifti ya mita 58 inayokutoa chini karibu na maji hadi bustani ya Upper Barrakka. Fika kabla ya saa sita mchana, mizinga hulia hapo juu na Bandari Kuu yote iko chini yako, pamoja na ngome za mji ulioanza kujengwa 1566, mwaka mmoja baada ya Waturuki kuizingira Malta wakashindwa. Kisha rudi chini uvuke kwa mashua hadi Birgu, mji wa ng'ambo ya bandari. Kimalta kina asili ya Kiarabu, na mwenye mashua alipohesabu abiria nilimsikia vizuri kabisa: sitta, sebgħa. Mimi nilikuwa wa saba.