Kusoma PET-CT ya mayeloma: ini la mgonjwa ndo mizani yako

Habari zenu wadau, leo naandika vile ninavyosoma picha za PET-CT za mgonjwa wa mayeloma, yaani ile saratani ya uboho (CT inaonyesha umbo la mfupa, PET inaonyesha seli zinazokula sukari yenye mionzi iitwayo FDG, ndizo nazosema "zinawaka"), maana swali la ndugu ni lile lile kila siku: daktari, ugonjwa utaendaje? Picha ikisomwa vizuri inakupa sehemu kubwa ya jibu.

Hatua ya 1: Anza na mgonjwa kabla ya mashine
Afunge kula kama masaa 6, pima sukari ya damu, ikizidi 11 mmol/L ahirisha. Halafu muulize dawa, hapa usiwe na haraka, kama yuko kwenye deksamethasoni (dawa ya steroidi) dozi kubwa saratani inaweza kufifia kwenye picha wakati bado ipo, na kama juzi amechomwa sindano ya kupandisha chembe nyeupe uboho wote utawaka na wewe utadhani ugonjwa umesambaa. Muulize pia kama ana maambukizi au amevunjika mbavu karibuni, navyo vinawaka.

Hatua ya 2: Soma CT kwanza
Tafuta matundu ya kuanzia milimita 5 kwenye fuvu, uti wa mgongo, mbavu na nyonga. Eksirei ya kawaida usiitegemee, mfupa lazima upoteze karibu 30% ya madini yake ndo tundu lionekane. Na tundu la zamani linaweza kubaki hata ugonjwa ukizimika, kwa hiyo tundu peke yake siyo ushahidi kwamba dawa imeshindwa.

Hatua ya 3: Hesabu vidonda, yaani sehemu za ugonjwa zinazowaka
Zikizidi 3 mwanzoni kabla ya matibabu, hali ya mbele huwa ngumu zaidi. Kinachonitisha kuliko hesabu ni ugonjwa uliotoka nje ya mfupa. Tenganisha uvimbe uliotoboa mfupa ukakaa pembeni yake na ule uliokaa mbali kabisa, mfano kwenye ini, huu wa pili ni mbaya zaidi na lazima uandikwe wazi.

Hatua ya 4: Toa alama za Deauville (kipimo cha kulinganisha mwako na damu na ini), 1 mpaka 5
1 haiwaki, 2 haizidi damu ya kwenye aota, 3 imezidi damu lakini haijazidi ini, 4 imezidi ini, 5 imezidi ini sana kama mara mbili hivi. Uboho upe alama yake na vidonda alama yake, usivichanganye. Napenda ini kwa sababu ni la mgonjwa mwenyewe, siku hiyo hiyo, mashine hiyo hiyo.

Hatua ya 5: Rudia baada ya matibabu, linganisha
Utafiti wa Ufaransa, IMAJEM, uliotoka 2017, ulionyesha wagonjwa ambao ugonjwa wao ulizimika kwenye PET kabla ya kuanza dawa za kudumisha nafuu waliishi muda mrefu zaidi. Ila bila picha ya kwanza unalinganisha na nini? Niliwahi kuletewa mama mmoja CD ya mwanzo imepotea huko alikotoka, kidonda kimoja cha nyonga kinawaka, nikashindwa kusema kimepungua kutoka wapi, iliniuma sana. Ndugu, hiyo CD itunzeni kama hati ya kiwanja.

Hatua ya 6: PET ikiwa safi mwanzoni usishangilie
Kama wagonjwa 10 kwa 100 saratani yao haili ile sukari ya FDG, seli zina kimeng'enya kidogo cha hekisokinasi 2. Hao wapeleke MRI (picha ya sumaku) ya mwili mzima, vidonda zaidi ya kimoja vya milimita 5 na kuendelea vinatosha kuanzisha matibabu kwa vigezo vya 2014 vya kundi la kimataifa la mayeloma, IMWG, hata kama bado hana maumivu.

Hatua ya 7: Andika ripoti inayosaidia
Daktari wa damu ataiunganisha na vipimo vya damu vya beta-2 mikroglobulini, albumini na LDH, na majibu ya jeni, hasa kupotea kwa 17p (kipande cha kromosomu ya 17), kwa hiyo usimwandikie "kuna vidonda vingi" ukaishia hapo. Mimi naandika hivi: "Vidonda 5 vinavyowaka, kikubwa sentimita 2.8 nyonga ya kulia, Deauville 5. Uboho Deauville 3. Hakuna ugonjwa nje ya mfupa. Pingili ya L2 imebonyea, mgonjwa asibebe mizigo mpaka aonwe na daktari wa mifupa."