Kumpandia mti baba aliyependa porini

Marehemu baba yetu hakuwa mtu wa kukaa ndani. Jumapili baada ya ibada alituchukua watoto wote, chakula kwenye kikapu, tukapanda hadi ukingoni mwa msitu wa Kilimanjaro, na kila mti aliutaja kwa jina. Kwa mtu wa namna hiyo, naona mti wa kumbukumbu unamfaa kuliko kaburi la marumaru.

Sisi tulichagua mringaringa. Maua yake meupe hupendwa na nyuki, na mzee alifuga nyuki. Subirini masika, Machi, ardhi ikishalowa. Chimbeni shimo la sentimita 60 kwenda chini na upana huohuo, mbali na ukuta wa nyumba. Udongo wa juu uwekeni kando, mchanganye na samadi iliyooza. Samadi mbichi huunguza mizizi. Chaneni kiriba, yaani mfuko wa plastiki uliooteshewa mche, taratibu, bonge la udongo lisivunjike. Zungushieni miiba, la sivyo mbuzi watamaliza majani. Kiangazi cha kwanza mwagilieni jioni.

Wajukuu ndio washike mche. Kila mmoja akitupia udongo, aseme alichofundishwa na babu. Mjukuu mdogo kuliko wote alisema, "Kupiga mluzi." Yeye ndiye tuliyemkabidhi ndoo ya kumwagilia.