Mama anakuja Guangzhou: namna ya kumpokea na kumtembeza

Mama yangu alikaa nami wiki tatu hapa Guangzhou, China. Nilikuwa nimempangia sehemu kumi na nne. Siku ya pili tu miguu ikamvimba, akasema, "Mwanangu, sikuja kuona maghorofa. Nimekuja kuona unaishije." Nilichana ratiba. Hatua hizi ndizo zilizobaki.

1. Viza

Ukiwa na kibali cha makazi China, mzazi anayekuja kwa muda mfupi huombewa viza ya S2, ya ndugu wa mgeni anayeishi huku. (Q2 ni ya wenye ndugu raia wa China, msichanganye.) Mtumie barua ya mwaliko, nakala ya pasipoti na kibali chako, na cheti chako cha kuzaliwa. Kwenye cheti ndipo wengi tunapokwama: jina la mama humo ni la usichana, kwenye pasipoti ni la mume. Yakipishana, aende mapema kwa wakili akaape.

2. Simu

WhatsApp na Google hazifunguki kwa intaneti ya huku. Mwekeeni WeChat, programu ya ujumbe inayotumika huku, akiwa bado nyumbani, na mzoezeni kutuma sauti badala ya kuandika. Malipo ya huku ni ya kuskani kwa simu na wewe ndiye utakayelipa, lakini mpe noti za yuan aweke kwenye pochi. Mama asiye na hela yake mkononi hana raha hata umlishe nini.

3. Polisi, ndani ya saa 24

Akilala hotelini, hoteli humwandikisha. Akilala kwako, ni kazi yako: nendeni kituo cha polisi cha mtaa na pasipoti yake, pasipoti yako na mkataba wa pango. Mimi nilikwenda siku ya tatu. Nilikemewa mbele ya mama, naye akaongezea ya kwake njiani.

4. Siku mbili za kupumzika

Guangzhou iko saa tano mbele ya Dar. Saa sita usiku huku, mwili wake unajua ni saa moja jioni. Hatalala, atakaa kitandani akikusimulia habari za ukoo mzima. Msikilize. Asubuhi mnunulie uji wa mchele, upo kila kona. Na kama mama yako ni wa kunywa maji ya moto, atajiona kafika kwao, maana wenyeji hawanywi ya baridi.

5. Sasa mtoke

Anza na bustani ya Yuexiu, mapema kabla ya jua. Kuingia ni bure, na asubuhi wazee wanajaa humo wakicheza muziki na kunyoosha viungo. Ina vilima, basi msilazimishe kufika kwenye sanamu ya mbuzi watano. Sisi tuliishia kwenye benchi. Babu mmoja akauliza tumetoka wapi, nikamjibu, akanyoosha kidole: "Tanzan tielu!" Reli ya TAZARA. Mama alikulia Makambako na aliwaona Wachina wakiijenga miaka ya sabini. Wakakaa nusu saa wakisimuliana, mimi mkalimani, na Kichina changu cha sokoni hakikutosha.

Siku nyingine mpeleke mtaa wa Yide Lu, kwenye maduka ya samaki wakavu. Mama alichota dagaa kwenye gunia, akanusa, akauma mmoja. "Hajamfikia dagaa wa Kigoma." Kisha akanunua kilo mbili.

Kama ni Mwislamu, swalini Ijumaa kwenye msikiti ulio kando ya kaburi ambalo wenyeji husema ni la Saad bin Abi Waqqas, sahaba wa Mtume. Nje mtakuta mishikaki ya kondoo. Kwingineko tafuta maandishi 清真, ndiyo halali.

Mnara wa Canton Tower una urefu wa mita 600, na foleni yake sikuona faida. Mwonyeshe usiku kutoka ng'ambo ya mto, taa zikiwaka.

Mambo madogo: metro hukagua mikoba kila kituo, mwambie asishtuke. Beba karatasi za chooni. Vyoo vingi ni vya kuchuchumaa. Kama magoti yake hayataki, ulizia choo cha walemavu.

6. Mwonyeshe unapoishi

Genge la mboga unaponunua. Mlinzi wa getini. Jirani anayekupokelea vifurushi. Mama alimpelekea huyo jirani kanga, na tangu siku hiyo naulizwa hali ya mama kuliko hali yangu.

7. Mizani

Nunua ile ya kuning'iniza mkononi, mapema, siyo usiku wa safari. Tulipopima, sanduku lilizidi kilo nne. Nikapendekeza tutoe chupa ya chai, maana chupa za China zimejaa Kariakoo. Akatoa koti nililomnunulia, chupa ikabaki.