Somo: Namna ya kuchagua gari lililotumika lisilobugia mafuta kwenye barabara kuu

Wakuu, heshima kwenu. Somo hili namlenga mtu ambaye sehemu kubwa ya mwendo wake ni barabara kuu, kilomita mia na zaidi kwa mwendo mmoja. Kama wewe ni wa foleni za mjini, mengi hapa hayatakufaa, na mengine yatakupoteza.

Nilijifunza kwa hasara. Gari langu la kwanza la safari lilikuwa dogo, refu kwenda juu, injini ya cc 1,000. Kila mtu aliniambia halili mafuta, na mjini ilikuwa kweli. Nilipoanza kusafiri kilomita 180 kwa siku, kwenda na kurudi, likawa linaguguma kwa mizunguko 4,000 kwa dakika nikiwa kwenye 110, na hesabu ikaja lita 7.6 kwa kila kilomita 100. Mwenzangu wa kazini alipita njia ileile, kwa mwendo uleule, na saluni ya chini yenye cc 1,800. Lake lilitumia lita 6.3. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza ulaji wa gari kwa kutaja cc peke yake, namrudisha nyuma kwanza.

Hatua ya 1: Jua safari zako

Andika kilomita zako za mwezi mzima, kisha tenganisha za barabara kuu na za mjini. Chukua mtu wa kilomita 25,000 kwa mwaka. Gari mbili zikitofautiana lita 2 kwa kila kilomita 100, tofauti ni lita 500 kwa mwaka. Zidisha kwa bei ya lita unayolipa, halafu linganisha na tofauti ya bei ya kununulia. Mara nyingine gari "linalookoa" ni ghali kiasi kwamba utaliuza kabla halijarudisha fedha yako.

Nawaomba mzoee kuhesabu lita kwa kilomita 100 badala ya kilomita kwa lita, kwa sababu ile ya pili hudanganya macho. Kutoka kilomita 10 kwa lita hadi 12 unaokoa takriban lita 1.7 kila kilomita 100. Kutoka 20 hadi 22, ambako nako tofauti ni kilomita mbilimbili, unaokoa chini ya nusu lita. Kubadilisha ni rahisi: gawa 100 kwa kilomita zako kwa lita.

Hatua ya 2: Tazama umbo kabla ya injini

Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mjini mafuta huliwa na uzito: unaondoka, unasimama, unaondoka tena. Barabara kuu adui ni upepo. Nguvu ya hewa inayolizuia gari hukua kwa mraba wa mwendo. Ukitoka 100 kwenda 120 kwa saa, mwendo umeongezeka kwa asilimia 20, lakini ukinzani wa hewa umepanda kwa asilimia 44. Ulichopata ni dakika 10 kwa kila kilomita 100.

Ukinzani huo hutegemea mambo mawili yanayozidishwa pamoja. La kwanza ni ulaini wa umbo, namba ambayo watengenezaji huiandika Cd. La pili ni ukubwa wa uso wa gari ukilitazama kwa mbele. Toyota Prius ya mwaka 2009 ilitangazwa na namba 0.25, na Mercedes-Benz CLA ya 2013 ilikuwa 0.23. Lile sanduku la Mercedes-Benz G-Class la zamani liko karibu 0.54, na bado uso wake ni mpana na mrefu. Ndiyo maana gari la chini lenye mgongo unaoteremka taratibu hulishinda gari refu, hata kama lile refu ni jepesi na lina injini ndogo.

Kwa hiyo, kwa safari ndefu, anza na saluni au hatchibeki ya chini. Ukihitaji nafasi ya mizigo, steshenwageni ni chaguo zuri kuliko gari refu lililonyanyuka (SUV). Na kama gari unalolipenda lina keria juu ya paa, hakikisha inafunguka. Keria tupu nayo inakula, na wenye magari wengi huisahau huko juu mwaka mzima.

Hatua ya 3: Gia ya mwisho na mizunguko

Kaa kwenye gari, endesha 100 kwa saa kwenye gia ya juu kabisa, tazama saa ya mizunguko. Kwa petroli napenda kuona kati ya 2,000 na 2,600. Dizeli iwe chini yake. Ikiwa juu ya 3,000, injini inazunguka bure kupambana na msuguano wake yenyewe, na masikio yako pia yatachoka.

Otomatiki za zamani zenye gia nne mara nyingi ndizo zenye tatizo hili. Gia sita au zaidi, au CVT (otomatiki isiyo na hatua za gia) iliyo nzima, hushusha mizunguko vizuri. Gari la gia za mkono (manyuo) lenye gia ya sita ndefu ni hazina kwa msafiri.

Injini ndogo zenye turbo zinataka tahadhari. Zikienda kwa upole hutumia kidogo kweli. Ukizikandamiza kwa muda mrefu kwenye mwendo mkubwa au mlimani, nyingi huongeza petroli kwenye mchanganyiko ili kupoza ndani ya injini, na ile faida inayeyuka. Mimi ningechukua cc 1,500 hadi 2,000 inayofanya kazi bila kutweta kuliko cc 1,000 inayokimbizwa kila siku.

Hatua ya 4: Petroli, dizeli au haibridi

Dizeli ndiyo iliyozaliwa kwa kazi hii. Lita yake hubeba nishati takriban asilimia 10 zaidi ya petroli, na injini yake huibana hewa zaidi, hivyo hupata kazi kubwa kutoka tone lilelile. Gari za dizeli za miaka ya karibuni zina kichujio cha masizi kwenye ekzosi. Kichujio hicho hujisafisha kwa kuyachoma masizi, na kinahitaji joto kubwa la mwendo mrefu. Kwa mtu wa mjini kichujio huziba, lakini wewe wa barabara kuu unakisafisha bila kujua. Muulize muuzaji gari lilikuwa linatembea wapi.

Haibridi, yaani gari lenye injini pamoja na mota ya umeme, hupata ushindi wake mkubwa mjini, kwa sababu hurudisha nguvu ya breki kwenye betri, na barabara kuu hatukanyagi breki sana. Hata hivyo zile za Toyota zina injini ya mzunguko wa Atkinson, ambayo yenyewe ni bahili, na umbo la Prius linasaidia. Kama safari zako ni nusu kwa nusu, haibridi ni jibu zuri. Kama ni barabara kuu tupu, usilipe fedha nyingi ya ziada kwa ajili ya neno haibridi peke yake.

Hatua ya 5: Namba za kiwandani

Usizikatae, ila ujue zilipimwa vipi. Kipimo cha zamani cha Japani kilichoitwa 10-15 hakikuvuka kilomita 70 kwa saa. JC08 kilichofuata kilifikia takriban 82. Namba hizo ni tamu, lakini hazikugusa mwendo wako kabisa. Kipimo cha zamani cha Ulaya, NEDC, kilifika 120 kwa sekunde chache tu. WLTP, kipimo kilichochukua nafasi yake na kuanza kwa aina mpya za magari Septemba 2017, hufikia 131 na iko karibu zaidi na ukweli. Marekani hutoa namba ya barabara kuu peke yake, na hiyo ni ya kutafuta kama gari lako liliuzwa huko. Kosa kubwa ni kulinganisha gari mbili zilizopimwa kwa vipimo tofauti.

Hatua ya 6: Ukaguzi

Fika injini ikiwa baridi. Ukikuta imeshapashwa moto, rudi siku nyingine. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokoma ni maji ya rejeta yanayoingia ndani. Mweusi kwenye petroli ni mafuta yaliyozidi.

Kuna ugonjwa mmoja mkimya unaowapita wengi: themostati iliyokwama wazi. Gari halipati joto lake, kompyuta inadhani injini bado ni baridi, inaendelea kumwaga mafuta. Ukiendesha dakika 15 na mshale wa joto bado uko chini, au unashuka ukiongeza mwendo, uliza kuhusu themostati. Ni kifaa kidogo cha kubadilisha, na ni hoja nzuri ya kupunguziwa bei.

Chomeka skana (kifaa cha kusoma kompyuta ya gari) usome makosa, hasa ya sensa ya oksijeni. Baada ya kuendesha bila kukanyaga breki sana, sogeza kiganja karibu na kila ringi. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, breki yake inashika. Sauti ya kuvuma inayokua na mwendo ni beringi au tairi. Kwenye tairi soma zile tarakimu nne za mwisho wa maandishi ya DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Hatua ya 7: Jaribio la barabara kuu

Muuzaji akikubali, jaza tanki hadi pampu ikate yenyewe, tembea kilomita 100 kwa mwendo wako wa kawaida, rudi pampu ileile, jaza tena hadi ikate. Lita zilizoingia ndiyo jibu lako. Akikataa safari ndefu, omba hata kilomita 30 ili uone mizunguko, joto na usukani kama unavuta upande.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nimepata gari mbili za aina moja. Moja ina kilomita 190,000 za barabara kuu, nyingine 80,000 za mjini. Ya pili si bora?

Jibu: Si lazima, ndugu yangu. Ile ya kwanza imewashwa ikiwa baridi mara chache, imebadilisha gia na kukanyaga breki kidogo kwa kila kilomita. Kama kumbukumbu za kubadilisha oili zipo na hazijaruka, mimi ningeikagua kwanza hiyo. Uliza tu kama mkanda wa taiming umeshabadilishwa. Na uhakikishe hizo 80,000 ni za kweli: tazama mpira wa pedali, usukani na kiti cha dereva. Vikiwa vimechakaa sana, huenda mita imerudishwa nyuma.

Swali: Kiyoyozi au kufungua vioo?

Jibu: Kwenye mwendo wa barabara kuu funga vioo, weka kiyoyozi cha wastani. Vioo wazi vinaharibu lile umbo tulilolilipia.

Swali: Kaka, nikiweka petroli ya okteni ya juu nitaokoa?

Jibu: Kama kitabu cha gari kinasema ya kawaida inatosha, hapana. Okteni ni uwezo wa mafuta kustahimili kubanwa bila kulipuka kabla ya wakati, si wingi wa nguvu. Kikisema ni lazima ya juu, mtii mtengenezaji.

Swali: Naogopa betri ya haibridi. Nitajuaje kama imechoka?

Jibu: Dada, hofu yako ina msingi. Tafuta fundi mwenye skana inayosoma kila kundi la seli, mwendeshe gari pamoja huku akitazama. Kundi moja likishuka voti kuliko wenzake, hapo kuna tatizo. Kagua pia tundu la kuingiza hewa ya betri, mara nyingi liko kando ya kiti cha nyuma. Likiwa limeziba vumbi na manyoya, betri hiyo imekuwa ikipata joto kwa muda mrefu.

Swali: Dashibodi inaniambia lita 5.8 lakini pampu inakuja 6.4. Nani mwongo?

Jibu: Amini pampu. Kompyuta hukadiria tu. Lakini kabla ya kuhukumu, angalia kama tairi ni za saizi iliyoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Mtu akifunga tairi kubwa zaidi, mita huhesabu kilomita pungufu, na ulaji huonekana mbaya kuliko ulivyo. Chukua nguzo za kilomita zilizo kando ya barabara, pita 20, linganisha na mita yako. Ikiwa mita inasoma 19, zidisha kilomita zako kwa 20, gawa kwa 19, kisha piga hesabu ya lita upya.